Chungu cha Ngara, buli la Tokoname

NDUGU zangu wasomaji, leo naomba tupumzike na siasa. Nataka kuzungumzia vyungu. Ndiyo, vyungu, vile vya udongo. Najua wapo watakaocheka na kuondoka hapa kibarazani. Mhariri wangu alicheka kabla yenu. Nilimpelekea habari ya wafinyanzi wa Ngara, maneno 600 na picha tatu, akanirudishia akisema vyungu si habari. Gazeti lina haki ya kuchagua cha kuchapa. Mimi nina kijiwe changu hiki, na hapa mhariri ni mimi. Karibuni.

Mambo yalianza na chai.

Mwaka jana nilikwenda kwenye shule moja ya sekondari wilayani Biharamulo kufuatilia habari ya upungufu wa walimu wa hisabati. Nikamkuta Mjapani mmoja wa kujitolea, kijana wa rika langu tu, anafundisha kidato cha pili kwa Kiswahili chenye lafudhi ya kuchekesha lakini kinachoeleweka. (Vijana hawa wa kujitolea kutoka Japani wamekuwa wakija nchini tangu mwaka 1967, si jambo geni.) Tulipomaliza mahojiano akanikaribisha chai.

Mimi chai naijua. Sufuria, maji yachemke, majani, sukari ya kutosha, na tangawizi ikiwepo. Bwana huyu alichemsha maji vizuri, kisha akayaacha! Akayamimina kwenye kikombe, akayahamishia kikombe kingine, akawa anasubiri yapoe. Nikasema moyoni, leo nakunywa chai ya vuguvugu. Akanieleza kwamba chai ya kijani ya kwao, wanayoiita sencha, inataka maji ya nyuzi 70 hadi 80 hivi. Ukiipa maji yanayochemka inakuwa chungu. Na akaniambia jambo ambalo nilikuwa silijui: mti wake ni huu huu wa chai yetu nyeusi ya Maruku kule Bukoba. Tofauti ni kwamba wao majani yakishachumwa hupigwa mvuke mapema ili yasibadilike rangi, sisi tunayaacha yageuke.

Halafu akatoa buli. Buli lenyewe dogo, ukubwa wa chungwa, jekundu kama tofali la udongo wa kwetu. Mkono wake haukuwa nyuma kama wa birika, ulichomoza ubavuni kama mpini wa kikaango, ili mtu amimine kwa mkono mmoja huku dole gumba likizuia kifuniko. Nikachungulia ndani. Pale mdomo unapoanzia kulikuwa na vitundu vidogo vidogo, vingi sana, vimetobolewa kimoja kimoja kwenye udongo ule ule. Chujio halikuwekwa juu, limefinyangwa humo humo. Akamimina mpaka tone la mwisho, akilitikisa buli taratibu, maana tone la mwisho, alisema, ndilo lenye utamu.

Funda la kwanza lilinikumbusha mlenda uliokosa chumvi. La tatu lilikuwa zuri. Sitaki kubishana na mtu kuhusu hilo.

Kilichonishika hasa kilikuja baadaye. Nilitaka kumsaidia kuosha vyombo, nikashika sabuni, yule bwana akanizuia mkono kama anayemwokoa mtoto asiguse moto. Buli lile halijapakwa ule mng'ao wa sahani za dukani. Ni udongo mtupu uliochomwa, na udongo hunywa harufu. Linaoshwa kwa maji peke yake, basi.

Ndugu zangu, hilo zuio nililijua. Niliwahi kuzuiwa hivyo hivyo nikiwa na miaka saba au minane, na aliyenizuia alikuwa bibi yangu mzaa mama, nyumbani kwake huko huko Biharamulo. Alikuwa na chungu cha maharage ambacho hakikuguswa na sabuni maisha yake yote, na mtungi wa maji uliokaa kwenye kona yenye giza ukitoa jasho kutwa. Maji ya mtungi ule yalikuwa baridi kuliko ya friji la duka la jirani. Si uchawi. Udongo uliochomwa kwa moto wa wazi una vinyweleo, maji yanapenya kidogo kidogo hadi nje, hewa inayakausha, na yanapokauka yanaondoka na joto. Fizikia ya kidato cha kwanza hiyo, ila bibi aliijua bila kidato.

Sasa nikiri. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa uandishi nilimnunulia bibi seti ya masufuria na ndoo mbili za plastiki zenye mfuniko. Nilijiona mwanaume. Niliporudi Krismasi mtungi ulikuwa nje chini ya upenu, umepasuka mdomo, kuku wanataga humo. Chungu cha maharage sikukiona kabisa. Nilipouliza, bibi alisema: "Si umeniletea vya kisasa?" Hakusema kwa ubaya. Lakini mbele ya yule Mjapani, mkono wangu ukiwa na sabuni, ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Yeye alikuwa amesafiri na chombo cha udongo kutoka upande wa pili wa dunia, amekifunga kwenye soksi zake kisivunjike. Mimi nilikuwa nimekisukuma chetu hadi kwa kuku.

Nikamuuliza bei. Akasita kidogo, kisha akataja. Ilikaribia mshahara wangu wa wiki mbili, na lile, alisema, ni la kawaida tu.

Nikaanza kusoma. Buli lile limetoka Tokoname, mji wa pwani karibu na Nagoya, katika mkoa wa Aichi. Ufinyanzi wa pale unahesabika miongoni mwa sita ya kale kabisa nchini mwao. Wekundu wa udongo unatokana na chuma kilichomo ndani yake. Mnadhani kazi hiyo imedumu kwa sababu Wajapani wanapenda sanaa kuliko sisi? Hapana. Watu wa Tokoname wamefinyanga chochote kilichoweza kuuzika: magudulia, mabomba ya maji machafu, na ndiyo, vyoo. Kampuni ya vyoo na vigae ya INAX ilizaliwa hapo hapo mwaka 1924. Kuna mteremko mjini humo ambao kuta zake zimejengwa kwa mabomba ya udongo na chupa za zamani za pombe, watalii wanalipa nauli kwenda kuuangalia. Na mwaka 1998 serikali ilimtangaza mfinyanzi mmoja wa mabuli, Yamada Jozan wa tatu, kuwa miongoni mwa wale wanaoitwa Hazina Hai za Taifa. Mfinyanzi! Alifariki mwaka 2005 akiwa na heshima hiyo, na mabuli yake yana muhuri wa jina lake.

Sisi tuna methali: mfinyanzi hula gaeni. Tunaisema tukitabasamu, kana kwamba ni sheria ya asili.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mwaka 1973 nchi yetu ilianzisha SIDO kuhudumia viwanda vidogo. Mwaka 1974, mwaka mmoja tu baadaye, Japani ikatunga sheria ya kuendeleza kazi za mikono za jadi, na vyombo vya Tokoname viliingizwa kwenye orodha mwaka 1976. Ili kazi ikubaliwe, kuna masharti matano. Iwe kitu cha matumizi ya kila siku. Itengenezwe hasa kwa mkono. Ufundi wake uwe wa miaka 100 au zaidi. Malighafi nayo iwe ile ile ya tangu zamani. Na mwisho, pawepo watu wa kutosha wanaoifanya katika eneo moja.

Hebu tuchukue chungu cha Ngara tukipeleke kwenye usaili huo. Matumizi ya kila siku? Maharage, maji, togwa, pombe ya ndizi. Mkono? Hakuna hata gurudumu la kuzungusha, mfinyanzi anapandisha mikunjo ya udongo moja juu ya nyingine na kuilainisha kwa jiwe la mtoni. Malighafi? Bonde lile lile.

Miaka 100? Jamani! Katika Kagera hii hii yetu, kule Katuruka karibu na Bukoba, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, akakuta mabaki ya wafua chuma wa takriban miaka 2,000 iliyopita pamoja na vigae vya vyungu vya aina inayoitwa Urewe, kwa jina la mahali huko Kenya magharibi vilikotambuliwa. Vyungu hivyo vina michoro shingoni, na vingi vina kibonyeo kwenye kitako, kama mtu aliyebonyeza kidole udongo ukiwa mbichi. Hakuna ajuaye kwa uhakika kibonyeo kile kilikuwa cha nini. Ninachojua ni kwamba tunafaulu sharti la miaka mara 20.

Manne tumeshinda. Linabaki la tano, la watu, na kwa ajili ya hilo nilipanda gari kwenda Ngara.

Kutoka Biharamulo unapita Lusahunga, Nyakahura, hadi Benako. Wazee wangu wakifika hapo hunyamaza. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na vilima hivi vikageuka mji wa turubai. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Ninachokiona ni vilima vilivyopoteza miti kwa kuni, na mfinyanzi bila kuni hachomi. Naliweka hilo mapema ili asije mtu akaniambia nimelisahau.

Kwenye gulio nilizunguka karibu saa nzima kabla sijaona chungu. Plastiki ilikuwa kila mahali, ndoo, mabeseni, madumu ya lita 20, rangi zote. Mwisho kabisa, nyuma ya wauza viazi, alikuwa amekaa bibi mmoja na vyungu saba juu ya majani makavu ya mgomba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unataka cha kupikia au cha dawa?"

Nikashangaa. Akaniambia wateja wake wengi siku hizi wananunua cha kuchemshia dawa za miti. Cha kupikia hununuliwa na wazee wenzake. Chungu cha wastani shilingi 4,000, ukiombaomba anashusha. Kukifinyanga na kukikausha kunachukua wiki nzima na ushee, na mvua ikinyesha siku ya kuchoma, vinapasuka vyote na kazi imekwisha.

Nikamuuliza nani anamsaidia. Akanionyesha mikono yake miwili. Ana binti, yuko Kabanga kwenye kibanda cha kutuma pesa kwa simu. "Udongo hauna shida," alisema. "Shida ni kuonekana umechafuka."

Sentensi hiyo nimelala nayo siku nyingi. Ng'ambo ya mpaka wetu inajulikana wazi. Rwanda na Burundi ufinyanzi ulikuwa kazi ya Watwa, na Watwa walidharauliwa kiasi kwamba zamani wengine walikataa kula nao chombo kimoja, huku wakipikia vyungu vyao! Miaka ya 2000, Rwanda ilipokataza taasisi kujitambulisha kwa makabila, chama kilichokuwa kinawatetea kilibadilisha jina na kujiita jumuiya ya wafinyanzi. Yaani kazi ikawa jina la watu. Na wakati huo huo mabonde waliyochimba udongo yalikuwa yanagawiwa kwa kilimo. Wakabaki na jina la kazi, udongo hawana.

Upande wetu hatuna historia hiyo kwa ukali huo, lakini dharau imevuka mpaka bila pasipoti. Bibi yule aliniambia na habari ya udongo pia. "Zamani tulichimba bondeni, hatukumuuliza mtu. Sasa bonde lina mwenyewe, na mwenyewe amepanda mpunga." Analipa kwa chungu: akichimba mzigo mmoja, anamwachia mwenye shamba chungu kimoja.

Nikakumbuka mkopo wa halmashauri. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Nikamuuliza kama yumo kwenye kikundi.

"Kikundi na nani? Tumebaki watatu, na mmoja haoni vizuri."

Basi hapo ndipo tunapofeli, sharti la tano. Kwa wenzetu inahitajika idadi ya watu kama 30 hivi katika eneo moja. Sisi kwenye gulio zima tuna mmoja na majina ya wawili.

Nisieleweke vibaya. Sisemi bibi apande vilima vya Ngara na mtungi wa udongo kichwani wakati dumu lipo. Plastiki ni nyepesi, haivunjiki, na anayeibeza mara nyingi ni mtu asiyechota maji, pamoja na mimi. Wala Japani si peponi. Huko huko kampuni ya Ito En ilianza kuuza chai ya kijani ya kopo mwaka 1985, na ya chupa ya plastiki mwaka 1990, na leo ziko nyumba nyingi zisizo na buli kabisa. Yule mwalimu wangu mwenyewe alikiri kwamba kabla ya kuja Tanzania alikunywa chai ya chupa, na buli alipewa na mama yake siku ya kusafiri. Wafinyanzi wa Tokoname nao wanahangaika kupata wanafunzi. Tofauti ni kwamba plastiki ilipowafikia, tayari kulikuwa na watu waliokwishaamua kwamba chombo cha mfinyanzi kina bei yake na mwenyewe ana jina. Sisi plastiki ilimkuta mfinyanzi hana kimoja wala kingine.

Na tusidanganyane kwamba hatuna macho ya kuona thamani ya udongo. Januari 2021 serikali ilisaini mkataba wa nikeli ya Kabanga, ikazaliwa Tembo Nickel, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Tuliandika kurasa na kurasa, mimi nikiwemo. Udongo wa Ngara tunaujali ukiwa wa kuchimbwa kwa mashine na kusafirishwa. Ule unaochimbwa kwa jembe na bibi mmoja hauna hata mstari kwenye taarifa ya wilaya.

Ninachotaka ni kidogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa serikali ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Wanatenga malisho, wanatenga makaburi, wanatenga kiwanja cha mpira. Wanashindwaje kutenga kipande cha bonde chenye udongo wa mfinyanzi, chenye ukubwa wa nusu ya kiwanja hicho cha mpira, na vichaka vichache vya kuchomea? Afisa maendeleo ya jamii anashindwaje kuwatafuta wale watatu na binti wawili wa kujifunza, wakafika watano? Malori yanayokwenda Rwanda na Kongo yanalala njia hii kila siku, madereva wanakula kwa mama lishe. Mama lishe mmoja Benako akibandika kibao kwamba maharage yake ni ya chungu, na akayauza ghali kidogo, atampa yule bibi kazi kuliko semina tatu za hotelini. Mama mmoja niliyemwambia hivyo alinijibu kwamba chungu kinachelewa kupata moto. Ni kweli. Nikamwambia kinachelewa na kupoa pia. Akasema atafikiria. Nitawaambia akiamua.

Lakini bei ianze na sisi tuliosoma. Sisi ndio tunaonunua vinyago vya Wamakonde kupeleka zawadi Ulaya, halafu tunamwomba bibi apunguze mia tano kwenye chungu cha elfu nne.

Mwezi uliopita nilirudi Ngara. Nilimkuta nyumbani kwake, mikono imeshika tope hadi kwenye viwiko, anamalizia mtungi. Nilimwambia nataka viwili, chungu cha maharage na mtungi wa maji, vya bibi yangu wa Biharamulo, na bei ataje yeye. Akataja 4,000. Nikamwambia ataje tena. Akanitazama kama anayejiuliza nimelewa, akasema 7,000, kisha akacheka, nami nikalipa 14,000 kwa vyote viwili kabla hajabadilisha mawazo.

Nikamwomba na jambo moja zaidi, aweke alama yake kwenye kitako, watu wajue ni vya nani.

"Jina sijui kuandika, mwanangu."

Nikamwambia si lazima liwe jina. Akaugeuza ule mtungi mbichi taratibu juu ya mapaja, akafikiri kidogo, akabonyeza dole gumba katikati ya kitako. Kisha akauweka kivulini na kuniambia nisije kuufuata kabla mvua hazijakatika, na nije na nyasi za kutosha za kufungia, maana barabara ya Nyakahura anaijua.